Nyuzi za Nano za Selulosi Zinapogoma: Dalili, Sababu na Marekebisho kwa Maabara za Kisumu hadi Nakuru

Anayeanza kusokota nyuzi za nano (nyuzi nyembamba mno, za kupimwa kwa nanomita) kwa umeme huwa mwepesi wa kulaumu mashine. Uzi ukikataa kutoka anapandisha volti, na ukitoka mbaya anazipandisha tena. Kwa polima (molekuli ndefu kama minyororo) za jamii ya selulosi mwenendo huo humpotezea mtu siku nzima, kwa kuwa matatizo mengi huanzia ndani ya myeyusho, mengine hutoka katika hewa ya chumba, na volti huwa na hatia mara chache kuliko inavyosingiziwa. Kwetu sisi hewa ina uzito wa pekee. Vipimo vinavyochapishwa majaridani mara nyingi vimetoka katika miji iliyo karibu na usawa wa bahari, ndani ya vyumba vyenye unyevu uliodhibitiwa, ilhali Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru takriban mita 1,850. Asetoni, kiyeyusho cha kawaida katika kazi hii, inayochemka kwa digrii 56 za Selsiasi pwani, huchemka kwa takriban digrii 52 Kisumu, na kwa takriban digrii 50 Nakuru. Kwa hiyo myeyusho ulioandaliwa kwa kufuata jarida neno kwa neno hukauka haraka zaidi hapa, na kando ya ziwa huo huo hukutana na mvuke wa maji ambao mwandishi wa jarida hakuwa nao.

Mtambo wenyewe ni mwepesi kueleza: sirinji, pampu ya kuisukuma polepole, sindano yenye ncha butu, chanzo cha umeme wa kilovolti 10 hadi 25, na kikusanyio cha chuma kilichofunikwa foili, kikiwa sentimita 10 hadi 20 kutoka kwenye sindano. Ufundi huu si mgeni kwa selulosi, maana hataza ya Anton Formhals ya mwaka 1934 ilihusu nyuzi za selulosi asetati. Selulosi tupu haiyeyuki katika viyeyusho vya kawaida, na ndiyo sababu tunatumia watoto wake: selulosi asetati, kaboksimethili selulosi, hidroksipropili selulosi na ethili selulosi, wakiwa peke yao au wamechanganywa na polima nyingine.

Anza na tone

Washa taa kali kando ya sindano, weka karatasi nyeusi nyuma yake, kisha utazame ncha kabla ya kubadilisha chochote. Tone lililo sawa huchongoka likawa koni, ile aliyoieleza Geoffrey Taylor mwaka 1964 na kuihesabia nusu-pembe ya digrii 49.3, na kileleni pake hutoka uzi unaonyooka kwa umbali mfupi, kisha unaanza kujizungusha kwa kasi hadi hauonekani tena ila kama ukungu mwepesi. Tone linaloning'inia na kudondoka, tone linalotapika vitone, tone lililovaa ngozi na tone linalotoa nyuzi mbili tatu kwa pamoja ni dalili nne tofauti, na kila moja ina tiba yake.

Jambo la pili ni kubandika kioo cha hadubini juu ya foili kabla ya kuwasha umeme, kusokota kwa nusu dakika, kuzima, kisha kukitazama kioo kile. Hadubini ya kawaida haiwezi kupima vizuri uzi wenye kipenyo cha nanomita 200, lakini itakuonyesha wazi shanga, vitone na nyuzi zilizoshikana, na hayo yanatosha kwa maamuzi mengi bila kusubiri zamu ya hadubini ya elektroni katika mji mwingine. Badilisha kitu kimoja tu kati ya kioo na kioo, na uandike unyevu na joto la chumba juu ya kila kioo.

Tone linadondoka wala halitoi uzi

Kwanza hakikisha umeme unafika. Zima chanzo, gusisha sindano na fimbo iliyounganishwa na waya wa ardhini ili chaji iliyobaki iondoke, kisha ukague kibanio kilichoshika sindano, kutu iliyo chini yake, na rangi iliyopakwa kwenye bati la kikusanyio. Foili iliyolazwa juu ya bati lenye rangi bila kuguswa na waya wa ardhini ni kosa la kawaida sana, na hakuna volti zitakazolirekebisha.

Mawasiliano yakiwa mazuri, panda kutoka kilovolti 8 kwenda juu polepole. Tone la maji hushikilia umbo lake kwa nguvu zaidi kuliko tone la asetoni, kwa kuwa mvutano wa uso wa maji ni takriban milinewtoni 72 kwa mita na wa asetoni ni takriban 23. Basi miyeyusho ya maji huhitaji subira zaidi kabla koni haijaundwa. Tone likigeuka kuwa mnyunyizo wa vitone badala ya uzi, polima ni chache au minyororo yake ni mifupi mno kusukana. Ongeza polima.

Sindano inaziba

Hii ndiyo kero kuu ya selulosi asetati, na haina sababu moja. Swali la kwanza ni lini inaziba, na la pili ni kizibo kina rangi gani.

Ikiziba ndani ya dakika chache za mwanzo na ncha ikawa na ngozi angavu kama kioo, asetoni inakimbia kuliko polima inavyoweza kuvutwa. Tone hutanda utando juu kama maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe, ndani bado ni kimiminika, na uzi hutoka kwa vipande kupitia ufa mdogo wa upande. Asetoni peke yake haifai hapa, na kwa mwinuko wa Nakuru haifai hata kidogo. Mchanganyiko unaojulikana zaidi ni asetoni na dimethilasetamidi kwa uwiano wa 2:1 kwa uzito, ambao hutoa nyuzi zisizokatika pale selulosi asetati inapokuwa kati ya asilimia 12.5 na 20. Kwa polima yenye wastani wa uzito wa molekuli wa takriban 30,000, asilimia 15 ni mahali pazuri pa kuanzia. Dimethilasetamidi huchemka kwa digrii 165, kwa hiyo hubaki na kulilainisha tone baada ya asetoni kuondoka. Nakuru usiogope kuiongeza kidogo kupita uwiano huo.

Hata hivyo dimethilasetamidi hupenya kwenye ngozi na inaweza kudhuru mimba, nami sioni busara ya kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mahali ambapo kabati la kufyonza mvuke halifanyi kazi vyema. Kwa kundi kama hilo ni afadhali asidi asetiki na maji kwa uwiano wa 75:25, selulosi asetati ikiwa takriban asilimia 17. Chumba kitanuka siki na asidi yenyewe kabla ya kuongezewa maji huunguza, lakini sindano huziba mara chache sana.

Kizibo kikiwa cheupe kama chokaa, tatizo si kukauka bali ni maji. Asetoni inapovukiza hulipoza tone, unyevu wa hewa hutua juu yake, na selulosi asetati, isiyoyeyuka katika maji, huganda pale pale. Dalili hii hujitokeza Kisumu asubuhi na jioni, na Kakamega mvua ya alasiri inapokaribia. Kuongeza dimethilasetamidi hakutasaidia sana, kwa sababu nayo hupenda maji. Kinachosaidia ni kuufunika mtambo kwa sanduku la plastiki ngumu angavu, kuweka ndani yake trei ya chembe za silika zilizokaushwa katika oveni, na kusubiri kipima unyevu kishuke chini ya asilimia 50 kabla ya kuanza.

Ikiziba baada ya nusu saa ya kazi njema, tafuta uvimbe wa jeli ndani ya myeyusho. Uache utulie usiku kucha, uchuje kwa kitambaa kizito cha polyesta au wavu mwembamba wa chuma cha pua, na ukague kama polima ilikuwa kavu kabla ya kupimwa, maana unga uliokaa katika kopo lisilofungwa vizuri kando ya ziwa huingia mizanini ukiwa umebeba maji. Kuukausha kwa digrii 60 usiku mzima hugharimu kidogo.

Kuna pia kuziba kusiko kuziba. Sirinji zinazouzwa katika duka la dawa zina mpira mweusi kwenye mche (kijiti cha kusukumia), na asetoni huuvimbisha mpira huo hadi ukakwama, pampu ikiendelea kunguruma na ncha ikikauka kwa kukosa kinywaji. Chomoa sindano na usukume mche kwa kidole: ukigoma, sindano haina kosa. Tumia sirinji ya kioo au ile ya plastiki tupu isiyo na mpira. Umeme nao ukikatika hata kwa dakika mbili, tone hukauka na pampu huenda isianze tena yenyewe, kwa hiyo usitafute kasoro ya myeyusho katika siku ya umeme wa kukatika-katika.

Kufuta ncha wakati umeme unawaka kunaruhusiwa kwa kijiti kirefu kikavu cha plastiki tu, na afadhali kuzima kwanza.

Shanga zilizotungwa kwenye uzi

Shanga hutokea pale mvutano wa uso, unaotaka kukigeuza kila kitu kuwa duara, unaposhinda msukano wa minyororo na chaji inayouvuta uzi. Tazama umbo lake. Shanga za duara zilizo mbalimbali zinasema uko mbali na lengo, ilhali zile zilizorefuka mfano wa pia ya kuchezea zinasema umekaribia, na ongezeko la asilimia 1 ya polima linaweza kutosha. Katika miyeyusho ya maji, chumvi kidogo huongeza upitishaji wa umeme na sabuni kidogo hushusha mvutano wa uso. Vyote viwili ni dawa za matone machache, na ukizidisha unapata nyuzi zinazogawanyika ovyo. Kupandisha volti ili kuondoa shanga mara nyingi huzizidisha, kwa sababu koni hurudi nyuma ndani ya sindano na uzi ukaanza kutoka bila utulivu.

Utando umelowa, nyuzi zimeshikana

Nyuzi zikifika zikiwa bado na kiyeyusho huyeyukiana mahali zinapokutana katika utando (tabaka la nyuzi juu ya foili), na foili hung'aa kama iliyopakwa gundi. Punguza mtiririko, tuseme kutoka mililita 1 kwa saa hadi 0.5, kisha usogeze kikusanyio hadi sentimita 15 au 18. Kama myeyusho ni wa maji, hakuna umbali utakaokutosha hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, kwa maana maji hayana pa kwenda. Katika miezi ya Machi hadi Mei, Kisumu, ni vyema kupanga kazi za polivinili alkoholi (polima nyingine ya kuyeyushwa katika maji) na kaboksimethili selulosi saa za adhuhuri, jua linapokuwa kali na unyevu umeshuka, na kuacha asubuhi kwa kupima na kukoroga. Nakuru mwinuko unakusaidia katika jambo hili, ingawa ulikutesa katika lile la asetoni.

Nyuzi bapa, au zenye vitundu

Nyuzi bapa kama utepe zinatokana na ngozi inayokauka mapema, kisha kiyeyusho cha ndani kikatoka na bomba likabonyea. Tiba yake ni ile ile ya kuziba kwa ngozi angavu. Vitundu juu ya nyuzi ni kazi ya unyevu, na si lazima viwe kasoro: anayetengeneza kichujio cha kunyonya floridi katika maji ya visima vya Bonde la Ufa huenda akavitaka, kwa sababu huongeza eneo la uso. Asiyevitaka arudi kwenye sanduku la silika.

Mchanganyiko unajitenga, au hausokotiki

Polima mbili zinazoyeyuka katika kiyeyusho kimoja hazilazimiki kupatana. Mimina mchanganyiko katika mrija mwembamba wa kioo, uuache hadi kesho yake, kisha uutazame dhidi ya dirisha. Ukijigawa tabaka mbili, utajigawa pia ndani ya sirinji, na nyuzi za saa ya kwanza hazitakuwa na muundo wa zile za saa ya tatu. Ukiwa na wingu jepesi bila tabaka, unaweza kusokotwa mradi uukoroge na kuutumia siku hiyo hiyo.

Kaboksimethili selulosi ndiyo inayosumbua zaidi. Minyororo yake imebeba chaji hasi, husukumana badala ya kusukana, na peke yake hutoa vitone tu. Huhitaji polima ya kuibeba, kwa kawaida polietilini oksaidi yenye uzito wa molekuli kati ya 600,000 na 900,000, au polivinili alkoholi. Anza polima ya kubeba ikiwa nyingi kuliko kaboksimethili selulosi, upate uzi safi, ndipo uanze kupunguza hatua kwa hatua hadi shanga zirejee. Hapo umejua mpaka wako. Wengi huanza nusu kwa nusu kwa sababu inapendeza kuandikwa, kisha hukwama bila kujua upande wa kuelekea.

Uchunguze pia unga wenyewe. Kaboksimethili selulosi ya daraja la kiwandani huja na chumvi ya mezani na glaikoleti ya sodiamu zilizobaki katika utengenezaji wake. Chumvi hizo hupandisha upitishaji wa umeme kupita kiasi, tone hutetemeka na kutoa nyuzi kadhaa kwa mpigo, na mtumiaji hudhani volti zimezidi. Osha unga kwa ethanoli ya asilimia 80 iliyochanganywa na maji, ambayo huondoa chumvi bila kuyeyusha polima, ukaushe, ujaribu tena.

Ikiwa myeyusho ulisokotika vizuri Jumatatu na Alhamisi unatoa shanga, polietilini oksaidi imekatika. Minyororo yake mirefu hukatwa na kikorogeo cha kasi, na huharibiwa na joto na oksijeni. Nyunyiza unga kidogo kidogo juu ya maji yanayozunguka polepole, ufunike, uache usiku kucha katika joto la chumba, na utengeneze unachohitaji kwa siku mbili tu. Polivinili alkoholi ni kinyume chake: ile iliyohidrolizwa kikamilifu (iliyoondolewa vikundi vyake vya asetati) huhitaji digrii 85 hadi 90 kwa saa kadhaa. Nakuru maji huchemka kwa takriban digrii 94, kwa hiyo ukiacha chombo wazi katika joto hilo maji hupungua haraka na asilimia uliyoandika daftarini si iliyomo chupani. Funika, pima uzito wa chombo kabla na baada, urudishe maji yaliyopotea.

Selulosi asetati uliyoitengeneza mwenyewe

Wapo wanaotoa selulosi katika magugumaji ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria au katika makapi ya miwa ya ukanda wa Muhoroni na Chemelil, kisha wakaigeuza kuwa asetati. Malighafi ni tele na wazo ni zuri, lakini dalili zake haziko katika miongozo ya wanaonunua unga wa dukani.

Asetati ikikataa kuyeyuka katika asetoni, usikimbilie kusema haikuasetiliwa, yaani haikupachikwa vikundi vya asetili. Huenda iliasetiliwa kupita kiasi. Triasetati, ambayo karibu vikundi vyote vitatu vya hidroksili katika kila kiungo cha mnyororo vimebadilishwa, huyeyuka katika diklorometheni lakini si katika asetoni. Asetoni hupokea ile yenye kiwango cha ubadilishaji cha takriban 2.5 kati ya vile vitatu. George Miles aligundua mwaka 1904 kwamba kuihidroliza kidogo (kuiondolea baadhi ya vikundi vya asetili kwa maji) huifanya iyeyuke katika asetoni, na hatua hiyo ya kuongeza maji kidogo mwishoni mwa mmenyuko na kusubiri ndiyo wengi huiruka. Ukiweka punje chache katika diklorometheni na nyingine katika asetoni utajua uko upande gani: zikiyeyuka katika ya kwanza tu, hidroliza, zikikataa zote mbili, asetili tena.

Myeyusho wa rangi ya chai una lignini (gundi ya asili ya mimea) iliyobaki. Punje ngumu zinazotua chini, hasa katika makapi ya miwa, zinaweza kuwa silika na mchanga. Ya kwanza huhitaji kusafishwa upya kabla ya kuasetili, ya pili huhitaji kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha na kuchujwa. Na kwa kuwa alkali na asidi za usafishaji hufupisha minyororo, tarajia kuhitaji asilimia kubwa ya polima kuliko ile ya dukani, au mkono wa polima ya kubeba.

Nyuzi zinatawanyika, au cheche zinaruka

Nyuzi zinazokwenda kila mahali isipokuwa kwenye foili zinatafuta chuma kingine: mguu wa stendi, kitasa cha kabati, pampu yenyewe. Ondoa vyuma vilivyo karibu. Zikianza vizuri kisha zikasimama wima juu ya foili kama manyoya, utando umenenepa na chaji haishuki tena ardhini. Badilisha foili au upunguze muda.

Mlio wa kuchemka kwenye ncha, mwanga wa zambarau gizani na harufu kali ya ozoni ni dalili kwamba hewa yenyewe inaanza kupitisha umeme. Hewa nyepesi huvunjika mapema zaidi, na shinikizo la Nakuru ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani, hivyo kilovolti 25 zilizotumika kwingine bila shida zinaweza kutoa cheche hapa. Shusha volti au ongeza umbali, na usibishane na cheche mahali penye mvuke wa asetoni: zima, fungua madirisha, subiri.

Utando mzuri unaoharibika baadaye

Utando wa polivinili alkoholi na kaboksimethili selulosi utayeyuka ukiguswa na maji, kwa kuwa ulitoka katika maji. Asidi sitriki ikiwekwa ndani ya myeyusho kabla ya kusokota, kisha utando ukapashwa takriban digrii 140, huifunga minyororo pamoja. Ukibadilika kuwa wa kahawia, joto au muda umezidi.

Utando wa selulosi asetati hurudishwa kuwa selulosi kwa kulowekwa katika hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.05 kwa lita ndani ya ethanoli kwa saa 24. Ukijikunja, ulilowekwa bila kushikiliwa. Ubane kati ya nyavu mbili za chuma cha pua na uuache humo hadi ukauke. Kama chuo chako kina mashine ya spektra ya infraredi, tazama kilele cha kabonili (alama ya vikundi vya asetati) kilicho karibu na 1,740 kwa sentimita: kikitoweka, kazi imekamilika. Kikibaki kidogo, ongeza muda wala si alkali, kwa maana alkali kali huvimbisha nyuzi na kuzigandisha pamoja kabla haijafika katikati yake.